Alikata Maoni Yangu, Akabakiza "Nakupenda"

Pooooo!

Honi ya lori. Wasomaji wenzangu, mpaka leo nikisikia honi ya lori nageuka kutafuta spika. Na mimi naishi Tunduma, ambako malori yanapiga honi kutwa nzima yakisubiri kuvuka kwenda Zambia. Hebu fikirieni maisha yangu!

Lakini honi ninayoisema haikutoka barabarani. Ilitoka kwenye spika, katikati ya uwanja wa mpira wa kwetu Igamba, mbele ya watu walioniona nikizaliwa na kubatizwa. Na baada ya honi ile ikafuata sauti yangu mwenyewe...

Nina miaka ishirini na mbili. Niiteni Tumaini. Niliishia kidato cha nne, matokeo hayakunibeba, nikaja Tunduma kumsaidia shangazi yangu kuuza vitenge. Sina mume wala mtoto, nina simu iliyopasuka kioo na masikio mazuri sana. Mimi ni mtu wa muziki!

Siyo ule mnaousikia redioni kila saa. Naupenda muziki wa vijana wanaojitegemea, wasio na lebo wala meneja, wanaorekodi kwenye studio za chumba kimoja zilizozibwa magodoro ukutani. Msimu wa kahawa, baridi ya Mbozi ikiuma masikio na watu wakiwa wameshika hela ya mavuno, shoo zao huwa kila wikendi. Leo Mlowo, kesho Itaka, Jumapili baada ya ibada Igamba. Msimu uliopita nilianza kwa kuzifuata zote. Navaa sweta la shangazi, najifunga kitenge, nasimama mbele kabisa karibu na spika mpaka kifua kitetemeke.

Nikitoka hapo natoa maoni! Tulikuwa na kundi letu la WhatsApp la wapenda muziki wa Songwe, na mimi natuma sauti. Huyu kaimba vizuri. Yule kapanda jukwaani kalewa. Yule mwingine gitaa lake linalia kama mbuzi wa Krismasi. Watu walikuwa wakinisubiri! Shangazi alikuwa ananiambia, "Wewe mtoto, mdomo huo ungekuwa unauza vitenge tungeshahamia ghorofani." Nacheka tu. Nilikuwa na furaha, jamani...

Miongoni mwa wasanii hao alikuwepo Yohana, kijana wa Itaka. Jukwaani alijiita Ukungu. Mrefu, mpole, gitaa lake lina ufa aliouziba kwa gundi. Siku ya kwanza kumsikia aliimba kuhusu baba yake, mzee anayemenya kahawa kwa mashine ya mkono huku akipiga mluzi ili usingizi usimchukue. Nililia hadharani. Nilikuwa sijawahi kusikia mtu akiimba kuhusu nyumbani kwetu!

Tukapendana. Nilimbebea gitaa, nilimwitia watu, nilichana tiketi mlangoni nikitetemeka kwa baridi. Akaniahidi kwamba kahawa ikiisha atakwenda kwa mama yangu kujitambulisha. Ningetaka nini zaidi?

Kumbe alishakutana na prodyuza mmoja wa Mlowo, aliyemwambia kahawa haiuzi. Yohana akatunga wimbo mpya. Bahari! Boti! Ufukwe na mvinyo! Yohana, mtu ambaye hajavuka Makambako! Bahari ameionea kwenye kalenda!

Akanitumia kabla hajautoa. Akaandika, "Nipe ukweli, mpenzi. Wewe ndiye masikio yangu."

Ukweli aliutaka mwenyewe, mmeona?

Nikatoka nje ya banda la shangazi, nikasimama kando ya barabara, nikabonyeza kurekodi. Kabla sijafungua mdomo lori likapiga honi. Nikacheka, nikangoja lipite. Sasa sikilizeni nilichofanya. Kwenye kundi mimi huwa sina kona, nasema moja kwa moja. Lakini kwa mtu ninayempenda nikaanza kuzunguka. Nikasema samahani. Nikasema naomba usinikasirikie. Nikasema nakupenda Yohana, nakupenda sana, usiniache kwa hiki ninachokwambia. Si ndivyo tulivyofundishwa wasichana? Ukiwa na neno gumu, lipake mafuta kwanza...

Ndipo nikasema lenyewe. Wimbo huu ni wa uongo. Bahari huijui. Rudi kwenye mluzi wa baba yako.

Akajibu kwa neno moja tu, "Sawa." Baada ya hapo simu zangu akawa anapokea moja, anaacha tatu. Nikajipa moyo kwamba ametingwa na mazoezi.

Ikafika Jumapili ya shoo ya Igamba. Nikampitia mama kanisani, akiwa bado na kitenge chake cha umoja wa kina mama, nikamwambia twende uwanjani, leo utamwona mwenyewe. Mama akajifuta vumbi viatuni kwa kiganja! Alitaka kumpendeza mkwe...

Pooooo!

Nikageuka kuangalia barabarani. Lori gani limefika huku? Halafu nikasikia kicheko changu. Halafu sauti yangu. "Samahani... naomba usinikasirikie... nakupenda Yohana, nakupenda sana... usiniache..." Ngoma zikaingia, na Yohana akaimba kiitikio huku akijinyofoa kwenye koti lake kama mtu aliyeng'ang'aniwa na kichaa, "Niachie koti, dada, niachie koti!"

Uwanja mzima ulicheka. Baridi ile kila mtu amevaa koti au sweta, wakaanza kuvutana na kucheza. Maoni yangu hayakuwemo. Aliyakata yote! Alibakiza kubembeleza kwangu tu.

Mama alinishika mkono tukapita katikati ya mashamba ya kahawa mpaka nyumbani. Alipokaa ndipo akaniuliza, "Mwanangu, ndivyo nilivyokulea? Unamlilia mwanaume kwenye spika?" Nilijaribu kumweleza. Lakini utaelezaje, wakati sauti ni yako kweli na maneno uliyasema kweli?

Wimbo ule ulisambaa kama moto wa nyasi. Kanisani ninakoimba kwaya, mwalimu akaniambia nipumzike kwanza. Watoto wa mtaani wakiniona wananivuta sweta, "Niachie koti!" Kundini nikituma maoni napewa picha za makoti, wananiita Dada Koti. Siku moja mama mmoja Mzambia, mteja wetu wa kutoka Nakonde, aliingia bandani akisalimia kwa Kibemba, "Mulishani, dada!" kama kawaida yake. Akanikazia macho. "Iwe! Si wewe wa koti?" Akanivuta mkono wa sweta, akacheka mpaka akakaa juu ya mzigo. Mpaka nchi ya pili wananijua! Shangazi alimuuzia vitenge vingi siku hiyo, lakini hata yeye hakufurahi.

Nilimpigia Yohana. Nikamuuliza, kwa nini ulikata yale mengine?

"Ah, Tumaini, ni muziki tu," akanijibu. "Nimekufanya staa bure hata asante hakuna. Maoni hayachezeki, bwana."

Maoni hayachezeki! Wasomaji, niliacha kusema. Mimi! Shoo zikapita na sikwenda, nyimbo zikatoka na sikutamka kitu. Mteja akiniuliza bei namwonyesha kwa vidole. Nilianza kuiogopa sauti yangu mwenyewe, maana kila neno nililotaka kusema niliwaza mtu atalikata wapi. Je, kuna wizi mkubwa kuliko huo?

Shoo ya kufunga msimu ilikuwa hapa hapa Tunduma, Jumamosi mchana. Asubuhi niliamka, nikachukua koti kubwa kuliko yote nyumbani, la marehemu mume wa shangazi, nikalivaa.

Shangazi akaniuliza, "Unakwenda kufanya nini huko, kujitia kidole jichoni?"

"Nakwenda kusikiliza muziki, shangazi. Mimi si ndiyo kazi yangu?"

Nilisimama mahali pangu, karibu na spika. Yohana akaniona, na badala ya kuona aibu akafurahi! "Jamani, mwenyewe yupo!" akapaza sauti. "Na koti kaja nalo! Njoo, Dada Koti, njoo useme lile lako."

Watu wakanisukuma mpaka jukwaani. Akanipa maiki. Alifikiri nitalia...

Nikasema, "Nilisema nakupenda. Ni kweli, nilimpenda. Sasa sikieni alichokikata. Nilimwambia wimbo wake wa bahari ni wa uongo. Huyu bahari hajaiona! Boti ya kwanza atakayopanda itamtapisha!"

Kicheko kilichopanda hapo, jamani! Nikaendelea. "Ana wimbo wa baba yake anamenya kahawa. Huo ndio wimbo. Mwombeni huo!"

Prodyuza wake akazima maiki. Hakujua kwamba mimi nimekulia kwenye kwaya. Nikasema kwa koo langu mwenyewe na nyuma kabisa walinisikia. Mmoja akanizomea, "Shuka, king'ang'anizi!" Mwingine akamjibu, "Mwache Dada Koti aseme!" Kisha wakaanza, kwanza wachache, halafu uwanja mzima, "Kahawa! Kahawa!"

Yohana akashika gitaa. Akaanza. Ubeti wa kwanza akaumaliza, wa pili akakwama. Akarudia, akakwama tena palepale, kwenye mluzi. Alikuwa ameusahau wimbo wa baba yake mzazi!

Hapo ndipo nilipolia. Si kwa ajili yangu.

Msidhani mambo yalinyooka. Wimbo wa koti bado unapigwa, na watoto bado wananivuta. Kwaya haijaniita. Lakini jioni ile mama alinipigia simu. "Nimeambiwa ulisema bila kubembeleza," akasema. Nikamjibu ndiyo, mama. Akaniambia, "Haya. Kahawa imeisha, njoo tule viazi."

Dada zangu mnaosoma mkasa huu, sikuwaandikia ili mnionee huruma. Huruma bakini nayo! Ninawasihi jambo moja. Mtu akikuomba ukweli, mpe ukweli mtupu, usiuvalishe "samahani" na "usiniache". Kile ulichokiweka ili usimuumize ndicho atakachokichukua kukuumiza wewe. Na anayekupenda kweli hawezi kukata maneno yako akabakiza machozi. Mapenzi nitapenda tena, tena sana tu! Lakini sibembelezi mtu ili nipate ruhusa ya kusema ninachokisikia kwa masikio yangu.

Juzi binti mmoja wa Vwawa ametoa wimbo wake wa kwanza, kaurekodi chumbani, sauti nzuri lakini ngoma zinamfunika. Nilitoka peke yangu nje ya banda, nikasimama palepale kando ya barabara, nikafungua lile kundi, nikabonyeza kurekodi.

Lori likapiga honi.

Safari hii sikungoja lipite.