Mbwa Wangu Aliitwa Mezani, Mimi Nikafungiwa Mlango

KOMEO!

Nililisikia likishuka kwa ndani... na mimi niko nje!

Mbwa wangu yuko ndani. Mimi, binti wa nyumba ile, niko kibarazani na begi langu, manyunyu yananilowesha.

Na aliyefunga ni kaka yangu wa tumbo moja.

Jamani, msianze kutukana kwenye maoni. Nisikilizeni kwanza.

Naitwa Peng Suyun. Nina miaka thelathini na sita, nashona viatu kiwandani Dongguan, China. Nimeachika.

Kwetu milimani Hunan, mwanamke aliyeachika hakai kwenye mlo wa mwaka mpya wa wazazi wake. Eti anawaletea nuksi kaka zake. Mwaka wa kwanza nilinyamaza. Wa pili nikanyamaza. Wa tatu nikachukua mbwa.

Nilimwita Huajuan, kwa sababu manyoya yake yamejikunja kama ile mikate ya mvuke. Chumba changu kina meza moja na kiti kimoja. Nikamfundisha kitu kimoja tu: asiguse bakuli lake mpaka mimi nitie tonge la kwanza mdomoni.

Chekeni tu! Nilitaka awepo hata mmoja duniani wa kunisubiri nile.

Kila jioni Mama alinipigia simu ya video. Haongei sana yule mama. Ananitazama tu nikila, halafu anauliza, "Huajuan naye ameshakula?"

"Ameshakula, Mama."

Basi, anakata.

Sasa mwaka huu, mwaka wa tano, simu ikaita. Kaka Darong!

"Suyun, njoo tule mwaka nyumbani."

"Kaka... kweli?"

"Njoo. Na mbwa umlete, usimsahau."

Wallahi nililia kwenye choo cha kiwanda mpaka msimamizi akagonga mlango. Nikapanda gari la kuchangia, muda wa saa kumi na mbili barabarani, Huajuan mapajani.

Nafika, wifi yangu Guizhi huyo mlangoni, meno yote nje! Akamnyakua Huajuan, akamfunga utepe mwekundu shingoni.

"Karibu baba, karibu! Mbwa akiingia, neema imeingia!"

Kisha akaniangalia mimi. Meno yakarudi ndani.

"Wewe wifi, kaa kule banda la kukaushia nyama. Tukimaliza kula tutakuletea chako."

"Wifi, kaka ameniita mwenyewe!"

"Ameita mbwa. Mbwa wetu Heizi amekufa, na unajua mbwa asipoonja kwanza humu ndani hakuna anayekula. Wa kuazima kwa jirani hafai, lazima awe wa ukoo."

Nikamgeukia Darong. Anaangalia viatu vyake.

"Mdogo wangu, elewa tu. Ni muda mfupi."

"Kaka, nimesafiri usiku na mchana!"

"Elewa tu, Suyun."

Ndipo komeo likashuka. Na komeo la siku ile likishashuka, halipandi mpaka watu washibe. Kulifungua ni kuitoa nje baraka ya mwaka mzima.

Bandani sikwenda. Nilikaa hapohapo, mgongo ukutani. Nyumba yetu ni ya mbao, mtu akikohoa chumbani unamsikia uani.

Nikasikia bakuli likiwekwa sakafuni.

"Kula, baba. Wali huo, nyama hiyo."

Kimya.

"Mbona hali?"

"Wa mjini huyo, nyama ya moshi haijui. Mpe kuku."

Kimya.

"Mpe samaki!"

"Samaki haguswi leo, ni wa kubakizwa ili mwaka uwe na ziada, una wazimu?"

Huajuan akaanza kulia kwa sauti ndogo. Majirani wakalipua fataki, wao wameshakula na kushiba. Kwetu mvuke unaisha kwenye sufuria.

"Darong, mpanue mdomo!"

"Aning'ate?"

"Mwaka wetu unaharibika hivihivi kwa ajili ya kijibwa!"

Nilikuwa najua Huajuan anasubiri nini. Ningewaambia tu kwamba ananisubiri mimi nile kwanza. Sikusema! Niling'ata mkono wa koti langu, machozi yananitoka. Katika nyumba niliyozaliwa, anayenisubiri nile ni mbwa peke yake. Ndivyo nilivyodhani.

Nikasikia fimbo ya Mama. Tok... tok... tok...

"Toka hapo mlangoni, Darong."

"Mama! Haufunguliwi kabla watu hawajala!"

"Kwani kuna anayekula humu?"

Komeo likapanda.

Mama huyo, mdogo kuliko anavyoonekana kwenye simu, ameshikilia mwimo wa mlango.

"Ingia ule. Chakula kinapoa."

"Mama, nuksi yangu..."

"Nimesema ingia."

Nikaingia na koti langu limelowa. Nikakaa. Nikachukua wali kwa vijiti, tonge moja, nikatia mdomoni. Ulikuwa umepoa kabisa.

Huajuan akazamisha kichwa kwenye bakuli!

Wifi akakaa kitini pwaa, kama aliyetuliwa mzigo. Darong akashika vijiti. Mlo ukaanza.

Mama akaniinamia sikioni.

"Miaka miwili nakutazama kwenye simu. Unafikiri sikuona kwamba mbwa haanzi kabla yako?"

Nikaweka vijiti chini.

"Mama... ni wewe uliyesema aletwe?"

"Ningesema nakutaka wewe, wangekataa. Nikasema namtaka mbwa."

Sikujua nicheke au nilie. Nilifanya vyote, kimyakimya. Wifi hakunisemesha mlo mzima. Darong aliniwekea paja la kuku bila kuniangalia usoni.

Asubuhi yake nilimkuta Mama jikoni, kwenye kigoda chake kando ya jiko. Mbele yake bakuli moja na jozi moja ya vijiti.

"Mama, Darong na Guizhi wakirudi kazini mjini, wewe unakula na nani?"

Akachochea moto.

Jamani, miaka yote ile ananiuliza kama mbwa amekula! Mimi sikuwahi kumuuliza yeye.

Nilimwacha Huajuan pale. Iliniuma, sitawadanganya. Alilikimbiza gari mpaka darajani, nikawa naangalia mbele ili nisishuke.

Sasa chumba changu kina meza moja, kiti kimoja, na bakuli la mbwa ambalo siwezi kulitupa. Lakini kila jioni Mama anaweka simu sakafuni mbele ya Huajuan. Mimi nanyanyua vijiti Dongguan. Huajuan anakula. Ndipo Mama naye anavuta kigoda anakula.

Na mwakani Darong atapiga tena, atake asitake. Mbwa ni wa nyumba ile sasa, na bila mimi hali.

Nyie mlio mbali, mama akipiga akauliza mmekula, msijibu "ndiyo" mkakata simu. Muulizeni na yeye anakula na nani.