Sampu Iliyokaa Sawasawa

Mama aliniita jua likielekea kuzama, akaniambia niende kwa Kutu, muuza vyuma chakavu, nikachukue sampu.

"Nenda wewe," alisema. "Kaka yako mwache apumzike."

Hilo halikunishtua. Nyumbani kwetu kupumzika ilikuwa kazi ya Kaka, kwenda ilikuwa kazi yangu. Kaka alirithi jina la babu mzaa mama, kwa hiyo Mama alimwita Baba, na sauti yake ililainika kila alipolitamka. Mimi nilikuwa "wewe". Wewe, njoo. Wewe, funga mlango. Nilishazoea.

Kilichonishangaza ni kwamba alijua neno sampu. Mama hakujua hata boneti inafungukia upande gani. Tena tangu ugonjwa umkamate alikuwa hatoki kitandani. Mifupa ya mabega ilichomoza kama hanga la nguo, na daktari alishatuvuta pembeni akatuambia tumpikie anachokipenda, basi. Lakini jioni ile nilimkuta amekaa kizingitini, amevaa viatu. Viatu vilikuwa na vumbi jekundu.

"Ulitoka, Mama?"

"Nenda kabla hajafunga."

Mimi na Kaka tulikuwa mafundi, na gereji ilikuwa uani kwetu. Marehemu baba alituachia gari la zamani, refu, la kifahari enzi zake, ambalo injini yake ilikufa kabla yake. Tulikuwa tumepata injini nyingine, dude la silinda nane, zito kiasi kwamba winchi ilipolinyanyua mihimili ya paa ililia. Tulishaliteremsha mahali pake. Tatizo lilikuwa moja tu: lilikuja bila sampu, lile bakuli la chuma linalofungwa chini ya injini kushika oili.

Kaka alinifuata hadi getini, mikono myeusi kwa grisi, meno yote nje. Alikuwa mtu wa kucheka. Hata mimi nilimpenda, na nilikuwa na sababu zote za kutompenda.

"Sikia, bwana mdogo. Kina cha sampu kiwe upande wa nyuma. Kikiwa mbele kitagonga nondo ya stelingi, gari litakataa kona. Wala usiniletee ya bapa. Injini hii inakunywa oili kama mlevi siku ya mshahara. Pampu ikifyonza hewa, tumekwisha." Akanipa gasketi ya karatasi, ile inayokaa kati ya sampu na injini. "Matundu ya bolti yalingane na haya. Yakipishana hata kidogo, iache hapohapo."

Nikaenda.

Yadi ya Kutu ilikuwa nyuma ya maghala yaliyohamwa. Milango ya magari ilipangwa kama vitabu, viti vimelundikana, vioo vimeegemezwa ukutani vikionyesha anga jekundu. Hapakuwa na mbwa. Hapakuwa hata na inzi. Kutu mwenyewe alikuwa amekaa juu ya tairi, mwembamba, umri haukadiriki. Mtu anayeuza vyuma chakavu mchana kutwa... lakini kucha zake zilikuwa safi kama za mkunga.

"Sampu," nilisema.

Hakuuliza ya injini gani. Alinyoosha kidole.

Zilikuwa tatu chini, zimelala chali, kama sahani zinazosubiri wageni. Nilichuchumaa. Ya kwanza kina chake kilikuwa mbele. Nikaisukuma kando. Ya pili ilikuwa bapa, haina tumbo. Nikaiacha.

Ya tatu ilikuwa nyeusi tii. Kina kilikuwa nyuma, kirefu, kizuri. Nilitandaza gasketi juu yake, na matundu yakalingana yote, moja baada ya jingine, kana kwamba gasketi ilikatwa juu yake. Nikaweka kiganja ndani nipapase kama kuna ufa.

Ilikuwa na joto.

Halikuwa joto la jua; pale palikuwa na kivuli tangu mchana. Nikainama ninuse. Nilitegemea harufu ya oili iliyoungua. Nikakutana na harufu ya maziwa. Maziwa ya mama, yaliyochacha kwenye nguo ya mtoto.

"Hii imetoka kwenye gari gani?"

"Bado hajatoka kwenye gari lolote," Kutu alisema taratibu.

Hajatoka. Nilidhani nimesikia vibaya.

"Nina haja ya kuona nyingine."

"Hizo ndizo. Chagua. Mimi simchagulii mtu."

Nilitazama mbili zilizobaki. Nikamfikiria Kaka anavyonisubiri. Fundi akipata kifaa kinachokaa sawasawa, hakiachi kwa sababu ya harufu. Nikaikumbatia ile nyeusi.

"Umechagua mwenyewe," Kutu alisema, akasimama kwa mara ya kwanza. "Basi ibebe kifuani, usimpokeze mtu. Na uifunge wewe. Mkono wako, bolti zote. Umenisikia?"

"Kwa nini?"

"Mama yako hajambo leo?"

"Unamjua mama yangu?"

"Alikuja asubuhi." Akatabasamu kidogo. "Alizungumza habari zako. Zako tu."

Njia nzima nilitembea nimeibana kifuani. Karibu na nyumbani nikaanza kusikia kitu ndani ya chuma... du... du... du... Nikasimama. Nikajiambia ni moyo wangu mwenyewe unagonga bati. Nikashika shingo nipime.

Moyo wangu ulikuwa unakwenda mbio.

Ule mwingine ulikuwa umetulia.

Mama alikuwa palepale kizingitini. Hakunitazama usoni. "Umeibeba mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Iweke gereji. Uje ule kwanza, mwanangu."

Mwanangu.

Miaka yote ya maisha yangu nilikuwa nimelisubiri neno lile, na lilipokuja nywele zilinisimama. Ndani alinivutia kiti chake. Mgonjwa aliyekuwa hawezi kushika kikombe alinipakulia mwenyewe, akaniwekea mapande ya nyama ambayo siku zote yalikuwa ya Kaka. Aliniangalia nikitafuna kama mtu anayeangalia picha.

"Kula ushibe. Ukimaliza utaifunga hiyo sampu. Leoleo."

"Kaka yuko wapi?"

"Amekwenda kuoga. Kula."

Nilichukua pande jingine la nyama. Ndipo tukasikia.

Kri... kri... kri...

Spana inayokaza bolti.

Mkono wa Mama uliganda juu ya sufuria. "Nani yuko gereji?"

Kri... kri...

"Wewe! Nani yuko gereji?"

Alikimbia. Yule mwanamke wa kitandani alikimbia, akaangusha kiti, akapita uani bila viatu. Nilimfuata. Taa ilikuwa imewekwa sakafuni, na miguu ya Kaka ilitokeza chini ya gari, inachezacheza kwa furaha.

"Baba! Toka! Toka humo chini!"

"Mama, umeamka?" Sauti yake ilicheka kutoka kule chini. "Nimeona mdogo wangu kachoka, nikasema nimmalizie. Hii sampu imekaa kama imezaliwa hapa. Bado bolti moja tu."

"Iache! Baba, iache!"

Kri.

"Tayari," alisema Kaka.

Alitoka akijifuta mikono. Hakuwa na jeraha. Alimkuta Mama amepiga magoti kwenye oili, anajikwaruza mashavu, na akanigeukia mimi, bado anacheka nusu. "Ana nini?"

Niliokota taa sakafuni.

Kesho yake tulimimina oili, tukawasha. Injini iliitika mara moja, nzito na tamu. Chini hapakudondoka hata tone. Kaka alinipigapiga mgongoni. Jioni nilichomoa kijiti cha kupimia oili, nikakuta imezidi alama. Nikapunguza. Asubuhi ilikuwa imezidi tena, na hakuna aliyeongeza.

Asubuhi hiyohiyo Kaka alilalamika suruali inamvuka.

Ilikuwa hivyo. Oili ilipanda, Kaka alipungua. Ngozi yake ilikauka ikawa inachanika kwenye viwiko na haitoki damu. Alikunywa maji kwa ndoo na midomo ikabaki mikavu. Na Mama... Mama alipona. Mabega yalijaa. Mashavu yakawa mviringo. Nywele zilirudi nyeusi. Alikuwa analia kando ya kitanda cha mwanawe mpenzi kwa sauti yenye afya, na kila alipoamka alikuwa mzuri zaidi ya jana. Alijinyima chakula ili akonde. Hakukonda.

Nilijaribu kuifungua. Bolti hazikusogea. Nilichukua grenda nikate. Gurudumu lilipogusa chuma, Kaka alipiga yowe ndani ya nyumba, na nilipokimbia kumwona nilikuta mstari mwembamba umechorwa tumboni mwake, umenyooka kama umepimwa kwa rula.

Nikaizima grenda. Sikuigusa tena.

Mama alinishika mkono akanikokota hadi kwa Kutu. Alitembea kwa kasi kuliko mimi. Kutu alikuwa juu ya tairi lake.

"Mbadilishe," Mama alisema kwa kunong'ona. "Nimekuja naye. Mchukue huyu."

Nilikuwa nimesimama pale. Mkono wangu ulikuwa ndani ya mkono wake.

"Sampu ikishafungwa hairudishwi," alisema Kutu.

"Nilikuambia ni huyu! Nilikuambia jina lake!"

"Na mimi nilimwambia afunge mwenyewe." Alinitazama, si kwa chuki, si kwa huruma. "Mama, hukumlinda vizuri umpendaye. Nenda nyumbani. Umepona."

Kaka alikufa mchana mweupe. Alikuwa mwepesi hata nikambeba peke yangu, na kichwa chake begani kwangu kilitoa mchakacho kama karatasi kavu. Mpaka mwisho hakujua. Neno lake la mwisho kwangu lilikuwa swali: kama gari linapiga kona vizuri. Nikamwambia linapiga vizuri sana.

Baada ya mazishi nilifungua nati ya kumwagia oili iliyo chini ya sampu. Ilifunguka kwa vidole tu. Halikutoka hata tone. Nilipeleka mkono chini ya bakuli lile. Lilikuwa baridi. Nilikwenda yadi pia, na vyuma vilikuwepo vyote, lakini mwanamke aliyekuwa akiuza pale aliniambia yadi ni yake tangu zamani, na hamjui mtu wa jina hilo.

Waombolezaji walipoondoka tulibaki wawili. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, ameshiba uhai, mzuri kama picha yake ya harusi. Sikupiga kelele. Nilimuuliza jambo moja tu.

"Kwa nini mimi?"

Alifikiri. Nadhani alitaka kusema kweli.

"Kaka yako asingenisamehe," alisema. "Wewe ungenisamehe."

Kisha akaninyooshea mkono, nimwinue.

Nikamwinua.