Tonge Lililoanguka

Tonge la ugali lilimponyoka Flavia, likaanguka chini ya meza. Alipoinama kuliokota, hakuliona. Sakafu ilikuwa safi kama iliyolambwa.

"Mdogo wangu, tuna panya humu?"

Faudhia alichungulia chini ya meza, kisha akatazama rafu ya jikoni.

Wawili hao walipanga nyumba pamoja Xiaobei, mtaa wa Waafrika katika jiji la Kichina. Flavia, mwenyeji wa Moshi, alinunua nguo za jumla na kuzituma nyumbani. Faudhia wa Tanga alisoma historia kwa ufadhili. Utafiti wake ulihusu ibada za majumbani za Warumi wa kale. Wiki moja nyuma alinunua kwa muuza vitu vya kale kisanamu cha shaba, kijana anayecheza huku ameinua pembe ya kunywea. Kwa ajili ya kusomea tu, alisema, akakiweka juu ya rafu.

Siku zilizofuata kila kilichoanguka kilitoweka: punje za wali, mwiba wa samaki. Jikoni kukaanza kunuka divai iliyochacha na majani yaliyoungua. Kisha Jumapili mchana, Flavia ametoka kanisani na anamenya viazi peke yake, alisikia nyayo nyepesi nyuma yake, zikiruka na kutua, zikiruka na kutua, kama za mtu anayecheza ngoma asiyoisikia yeye, zikasogea hadi pumzi ya baridi ikamgusa kisogoni, na sauti isiyo ya mwanamume wala ya mwanamke ikamwita taratibu, "Flavia," kama mzazi anavyomwita mwana aliyepotea miaka mingi.

Kisu kilimdondoka. Hakukisikia kikigonga sakafu.

Faudhia alimkuta ameketi kwenye ngazi.

"Kitu kimeniita jina," Flavia alinong'ona. "Mbona wewe hakikuiti?"

"Nisamehe, dada, ni kile kisanamu changu. Warumi waliviita vya aina hiyo Lari, vijimungu vya nyumba. Walivilisha kila mlo, na kilichoanguka sakafuni kilikuwa chao. Na Flavia ni jina la ukoo wa Kirumi. Kinadhani wewe ni mtu wa nyumba yake."

"Lakini mimi nimebatizwa nalo!"

"Chenyewe hakijui. Huna jina lingine?"

"Bibi aliniita Manka."

Waliingia wameshikana mikono. Faudhia akisoma Ayatul Kursi alikifunga kisanamu kwa kitambaa. Shaba ilikuwa na joto kama mwili wa mtu. Hapo nyayo zikaanza kukimbia, sakafuni, kisha ukutani, kisha darini juu ya vichwa vyao, sahani zikigongana kabatini, harufu ya divai ikiwakaba koo, jina likiitwa na kuitwa kutoka kila pembe, mpaka Flavia akapiga kelele:

"Mimi ni Manka! Nina kwetu, nina wazee wangu! Hilo jina ukilitaka, lichukue!"

Kimya.

Kisanamu wakakitupa mtoni kabla jua halijatua. Wiki nzima jiko lilinuka vitunguu na mafuta tu, na Flavia akaanza kulala tena.

Jumatatu alikwenda barabara ya Huanshi Zhonglu kwa Alphonce, wakala wa mizigo. Alipofika mlangoni, Alphonce alikuwa amempa mgongo, anaandika kwenye maboksi yake.

"Flavia!" Alphonce aliita bila kugeuka. "Ni wewe?"

Kabla Flavia hajafungua mdomo, nyuma ya maboksi, gizani ndani ya stoo, mtu aliitika.

"Abee."

Ilikuwa sauti ya Flavia mwenyewe. Alphonce akatabasamu, akaweka kalamu chini, akaingia stoo kuifuata.