Malkia Asiyejua Mumewe ni Joka

Siku fundi cherehani alipoingia kwa kinyozi hakuwa akitafuta mume, alikuja kugombana. Kibanda chake cha kushona na saluni ya kinyozi viligawana ukuta mmoja, na runinga ya jirani yake ilimpigia kelele mpaka akashona mkono wa kushoto wa blauzi ya mteja mahali pa kulia. Akasimama mlangoni, tepu ya kupimia shingoni, gauni lake la kijani limejaa nyuzi, na badala ya kusema alichojia akajikuta anatazama tamthilia ya kigeni iliyotafsiriwa.

Benchi lilikuwa limefurika watu na wote wanabishana. Malkia ana mwaka wa tatu kwenye ndoa na mwanamume ambaye kila mwezi unapokuwa mpevu hugeuka joka, akaruka zake, akarudi asubuhi ananuka moshi. Na malkia wa watu hajui.

"Haiwezekani," fundi akasema, na hakuna aliyemuuliza. "Unalala na mtu miaka mitatu, unaokota magamba kwenye shuka, unadhani ni nini, maganda ya karanga? Huyo anayetafsiri anatudanganya."

Kiti cha kunyolea kikazunguka. Mwanamume mwenye povu mpaka kwenye masikio akamtazama, akasema kwa sauti ile ile iliyokuwa ikitoka kwenye runinga: "Samahani, dada. Mimi natafsiri tu. Malkia simjui."

Benchi likaangua kicheko. Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze.

Ndivyo walivyoanza. Mtaa mzima ulimwita yule bwana Sauti. Lugha ya tamthilia alijifunza kwa wageni waliokuja kujenga barabara, na sasa aliketi studio, spika masikioni, akiwasemea wafalme, wachawi na wajakazi wote peke yake. Wiki haikwisha kabla hajamwomba fundi namba ya simu, na mwezi haukwisha kabla fundi hajamshonea shati la buluu lenye kola ya kusimama.

"Umekula, malkia wangu?" humpigia mchana.

"Nimekula, joka langu. Na wewe?"

"Mimi nakula watu tu."

"Basi njoo uanze na mteja wangu mmoja, amenichosha."

Mapenzi yalinoga, jamani. Kisha Sauti akaanza visa. Simu hataki. "Niandikie, mpenzi, mtandao unakatika." Wakikaa pamoja fundi akiwa kushoto, yeye huhama akakaa upande wa pili. Fundi alidhani ni madeko tu, akacheka.

Kisha shangazi yake akapiga simu. Amemtafutia kazi ya kushona sare kwenye kiwanda cha mji wa mbali, mkataba wa miaka miwili na chumba juu yake.

"Huyo mtu wako amesema nini juu ya ndoa?" shangazi akauliza.

"Hajasema, shangazi."

"Muulize basi. Ana mdomo wa kuwasemea wafalme, wa kukusemea wewe hana?"

Jumamosi ile benchi la kinyozi lilikuwa limejaa hata pa kugeukia hapana. Fundi akabanwa kushoto kwa Sauti. Haya zilimshika, ila akajikaza, akamwinamia sikioni: "Nimepata kazi mbali, ya miaka miwili. Ukiniambia nibaki, nabaki."

Sauti hakugeuka. Alitabasamu kwa runinga, akampigapiga mkono. Basi.

Fundi alingoja wiki nzima, moyo juu juu. Alipochoka akatia sahihi mkataba, akamwandikia kwamba anaondoka Jumapili ya mwisho wa mwezi. Jibu lilikuja upesi: "Mbona hukuniambia?" Naye akaandika kwa hasira, "Nilikuambia." Tangu hapo Sauti kimya, na fundi akajiapiza kwamba hatamtafuta.

Alhamisi kabla ya safari, dada mmoja anayefanya kazi benki, shabiki mkubwa kuliko wote, aliingia saluni na jambo jipya. Fundi alikuwa pale kuaga.

"Nimeitazama ile ya lugha ya kwao yenyewe, yenye maandishi chini," akasema. "Malkia anajua tangu sehemu ya kumi na mbili. Mumewe alimnong'oneza yote. Sisi kipande hicho tulisikia muziki tu."

Kinyozi akaweka mashine chini. "Yaani tumekauka koo miezi miwili bure? Mwenye studio nampigia leo hii. Mtafsiri anayeruka maneno wa nini? Atafute mwingine."

"Ngoja," fundi akasema. "Nitamuuliza mimi kwanza." Usidhani alikuwa anamtetea. Alikuwa na ugomvi wake na alitafuta pa kuutua.

Studio ilikuwa chumba kimoja ghorofani, magodoro ya zamani yamepigiliwa ukutani kuzuia kelele. Sauti alikuwa amempa mgongo, kavaa lile shati la buluu. Spika za masikioni zilipiga kwa nguvu mpaka fundi akasikia panga zikigongana akiwa mlangoni. Kwenye kioo watu wawili walikuwa wananong'ona. Sauti akabonyeza spika ya kulia kwa kiganja, akasikiliza, akarudisha nyuma. Akarudia. Akarudia tena, kisha akalaza paji la uso mezani.

"Sauti," fundi akaita. Akaita mara tatu. Alipomgusa bega, mwanamume aliruka kama aliyeungua.

Ugomvi wote ulimtoka fundi. "Tangu lini?"

Sauti alikuwa anamtazama midomo. "Sikio la kushoto lilikufa mwaka jana. Hili la kulia daktari amesema halimalizi mwaka, na likifa, na kazi imekwisha."

"Jumamosi ile nilikaa kushoto."

"Najua. Ulipoandika kwamba uliniambia, nikajua nimepitwa. Nikaona aibu kuuliza ni nini."

Fundi alizunguka, akapiga magoti upande wake wa kulia, akamwekea mdomo kwenye sikio. Akasema polepole, neno moja moja: "Nilikuambia, ukitaka nibaki, nabaki. Mkataba nitauchana leo. Niambie nibaki."

Sauti alifumba macho. Lilipofika neno la mwisho, mkono wake ukashika ukingo wa meza. Kisha akafumbua macho.

"Sijasikia," akasema.

Fundi alijua amesikia. Na Sauti alijua kwamba fundi anajua. Kalamu ilikuwa pale mezani, karatasi ipo, wote wawili waliviona na hakuna aliyenyoosha mkono.

"Basi," fundi akasema, akiinua uso ili aonekane midomo. "Nilikuwa nakuaga tu."

"Safari njema, malkia."

Ngazi za ghorofa ile alizishuka bila kuziona. Kulia alilia, tena sana, kwenye kona ya ngazi ambapo hapakuwa na mtu, kisha akajifuta na upindo wa gauni. Saluni ilikuwa inamngoja, na kinyozi ameshika simu.

"Enhe, amesemaje?"

"Ameruka makusudi," fundi akajibu. "Amesema malkia akijua mapema, nyinyi mtabishania nini hapa?"

Benchi likatazamana. Kinyozi akaanza kucheka, akarudisha simu mfukoni. "Mjanja yule. Kweli bwana, tungeshaiacha zamani." Kisha akamgeukia fundi. "Lakini wewe si ndiye ulisema haiwezekani? Mwanamke alale na mtu asijue?"

Fundi alikuwa anaizungusha tepu yake vidoleni, taratibu, mpaka ikaisha.

"Nilikosea," akasema. "Anaweza. Anakula naye, anamshonea shati, anampima mpaka shingo, na hajui kitu."

Wakacheka wote, wakampa mkono wa kwaheri. Fundi akarudi upande wake wa ukuta, akafunika cherehani, akaanza kukunja vitambaa vya wateja. Kinyozi alikuwa ameongeza runinga mpaka mwisho, na kila neno lilipenya. Sauti alikuwa anamsemea malkia.

"Mume wangu," alisema, "mbona leo unanuka moshi?"