Mwizi Aliyeacha Kuku

Nakutegea hiki, mjukuu wangu, nawe usikimbilie jibu: mwizi kaiba nyumbani, kaacha kuku. Ni nani? Usiseme kicheche. Kicheche hajawahi kuwa na huruma hiyo.

Hapo ndipo Inspekta Redempta alipokwama, asubuhi moja kule Kinyangiri. Mbele yake, kwenye benchi la kituo cha polisi, Yasinta alikuwa akilia.

"Pasipoti yangu imeibwa, afande. Kesho nina mtihani wa Kiingereza Singida Mjini. Bila pasipoti sipiti mlangoni."

"Mtihani wa nini, binti?"

"Chuo cha ng'ambo kimenikubali nikasomee ukunga. Kinasubiri alama zangu za Kiingereza tu. Nikikosa kesho, nafasi anapewa mwingine."

Inspekta alivaa glavu, akafungua begi. Zipu nzima. Simu ipo. Mahali pa pasipoti palikuwa na kitambaa kilichofungwa vizuri, ndani yake kuku wa kienyeji aliyekaangwa.

"Umempakia wewe?"

"Hapana. Nimemwona stendi, nilipotafuta pasipoti."

Chediel, bodaboda aliyembeba hadi stendi, akaitwa.

"Ulishika begi lake?"

"Nililiweka hapa mbele kwenye tenki, afande. Pasipoti niende nayo wapi? Mimi safari zangu zinaishia Iguguno! Na huyo kuku ningemjua, asingefika salama."

Polisi wa zamu walicheka. Inspekta alimwamini, mwizi wa pasipoti hafungi masurufu. Akamwambia awapeleke nyumbani kwa kina Yasinta.

Jikoni walimkuta shangazi yake, Martha.

"Kuku nilimchinja jana mimi, afande, wa kumuaga mtoto. Vilivyobaki niliviacha hapa hapa."

Kwa hiyo yeyote angeweza kumpakia. Inspekta alifungua tena kile kitambaa. Paja. Bawa. Na firigisi.

"Firigisi ulimpa nani?"

"Swali gani hilo, afande? Firigisi ni ya mwenye mji. Nilimwekea baba yangu."

"Ulimwona akiila?"

"Alisema ataila baadaye."

Kwetu firigisi haiombwi wala haidokolewi. Ukiiona kwa mwingine, ujue mwenyewe kaitoa.

Babu Alute, aliyemlea Yasinta tangu akinyonya, alikuwa amekaa ndani, kando ya kihenge cha mtama.

"Mzee wangu, firigisi ya jana uliila?"

"Sikuila."

"Ulimpa nani?"

"Msafiri."

"Na pasipoti?"

Mzee alitumbukiza mkono kihengeni. Akaitoa, mtama ukimwagika, akaifuta vumbi kwa shati lake.

"Babu!" Yasinta alipaza sauti. "Ulitaka nifeli?"

"Ufeli? Mimi ninayekuombea kila siku? Nilitaka ukose basi tu. Urudi hapa unililie kwa lugha yetu."

Kumbe mwezi mzima Yasinta alikuwa amepiga marufuku lugha nyingine nyumbani, ili ulimi uzoee. Kinyiramba marufuku, Kiswahili marufuku. Asubuhi anampita babu na "gudi moning", naye mzee hajui aitikie nini.

"Jioni moja nilimwuliza," mzee alimwambia Inspekta, maana kumtazama mjukuu hakuweza. "'Huko uendako, yupo wa kumwamkia shikamoo?' Akasema, 'Inglishi, Babu.' Mpaka leo sijajibiwa."

Inspekta Redempta alivua glavu taratibu.

"Mlalamikaji, unasemaje?"

"Sina kesi, afande."

"Basi nitaandika imepatikana kwenye mtama. Na wewe mzee, usirudie. Ukimtaka mjukuu, mwite."

Nje Chediel alipiga honi. "Dada Yasinta, basi la mchana halina babu wa kulisubirisha!"

Yasinta aliichukua pasipoti, akaitia mfukoni. Hakwenda mlangoni. Alipiga goti kwenye mtama uliomwagika.

"Hakuna, Babu," alisema. "Kule sina wa kumwamkia. Nitakupigia wewe kila nikiamka. Shikamoo."