Aliyekunywa Naye Maziwa

Maiti ililala kifudifudi kwenye mawe chini ya maporomoko, miguu majini, kichwa nchi kavu. Bunduki ilikuwa bado begani. Inspekta Asmaa Haruna aliitazama hiyo bunduki kwanza, ndipo akamtazama mwenyewe. Muuaji anayeacha silaha nzima nzima hakuja kuiba.

Marehemu aliitwa Loserian, askari aliyewasindikiza wageni kwenye njia ya msituni. Kila alfajiri alitangulia peke yake kukagua kama tembo na nyati wameondoka njiani, na wageni wakafuata baadaye na mwongozaji wao. Jumatano hiyo mwongozaji alikuwa Tluway, kijana wa Kiiraqw kutoka Endamarariek. Ndiye aliyeikuta maiti, na shati lake lilikuwa limelowa damu.

"Wageni uliwaacha wapi?" Asmaa alimuuliza palepale.

"Kwenye mapango, kule tembo wanakochimba chumvi. Loserian hakuwa akiitikia redio, nikaja kumtafuta."

"Ulikaa muda gani?"

"Dakika ishirini hivi."

"Na hii damu?"

"Nilimnyanyua, afande. Nilidhani yuko hai."

"Mlikuwa na ugomvi?"

Tluway akatazama maji. "Kila mtu anajua. Nilimwambia mbele za watu kwamba alimkimbia Naserian, kwamba yeye ndiye aliyemuua."

Asmaa hakuhitaji kuelezwa Naserian ni nani. Miezi minane nyuma, katika njia hiihii, tembo alimkanyaga msichana huyo aliyekuwa mwongozaji, mchumba wa Tluway. Mwenye bunduki siku ile alikuwa Loserian. Aliandika kwamba msichana alikaidi amri akakimbia hovyo, na wageni walishaondoka nchini kabla hawajahojiwa. Asmaa aliyasoma maelezo yale, akayaona yamenyooka, akasaini jalada lifungwe. Tangu hapo, kila akilikumbuka, roho ilimsuta.

Tluway akatiwa mahabusu. Jalada lilitakiwa kwa mwendesha mashtaka Ijumaa saa sita mchana. Kesi ya mauaji haina dhamana, na mtu akishaingia rumande kwa kesi ya namna hiyo, miaka inaweza kukatika kabla hajapata wa kumsikiliza. Nje ya kituo mambo yalikuwa mabaya zaidi. Vijana wa Kimaasai wa rika la marehemu walikuwa wameshajazana langoni, marungu mikononi, wakitaka wapewe Tluway.

Ijumaa saa mbili asubuhi, daktari alivua glavu akasema, "Mapafu hayana maji. Alikufa kabla hajagusa mto. Pigo moja tu, kisogoni, la kitu cha mviringo; michubuko mingine ni ya kuanguka."

"Rungu?"

"Ningesema hivyo."

"Tumboni?"

"Maziwa mgando, mengi, hata hayajaanza kusagika. Aliyanywa muda mfupi kabla ya kufa. Nusu saa ni nyingi."

Asmaa akaguna. Vitu vya marehemu alivikagua mwenyewe: bunduki, redio, simu, shuka, sime. Hapakuwa na kibuyu wala chupa. Na kwenye kibanda cha askari kule msituni hakufugwi hata kuku, sembuse ng'ombe.

Ndani ya gari alimweleza Koplo Seenoi, dereva wake, binti wa wafugaji wa Ngorongoro. Seenoi alipunguza mwendo, akasimamisha gari pembeni kabisa.

"Afande, Loserian ni morani. Rika lao bado halijafanyiwa ile sherehe ya kuruhusiwa kunywa maziwa peke yao. Mpaka siku hiyo, hakuna anayekunywa bila mwenzake wa rika."

"Hata akiwa porini, haonekani na mtu?"

"Atashinda na njaa. Nina kaka ana digrii, yuko Dodoma, na hanywi peke yake."

"Tluway je, hawezi kuwa huyo mwenzake?"

"Mwiraqw? Angembembeleza mpaka jioni, Loserian asingegusa."

Basi, Asmaa aliwaza, mtu aliyemtafuta alikuwa pale pale langoni, anapiga kelele pamoja na wenzake.

"Lakini yupi?" Seenoi akauliza. "Wako kumi na watatu, na wote watasema walikuwa kwao."

"Wakisema hivyo, nitawauliza walikunywa na nani. Hawa kila mlo wao una shahidi."

Saa nne na nusu alisimama kwenye ngazi za kituo. Seenoi alisimama kando yake, akitafsiri kwa Kimaasai.

"Jumatano asubuhi," alisema Asmaa, "kila mmoja wenu alikunywa maziwa na nani?"

Lekoko, aliyekuwa na hasira kuliko wote, akapiga rungu lake chini. "Tumekuja kumchukua muuaji, wewe unatuuliza habari za maziwa?"

"Nijibu. Muuaji tutamzungumzia baadaye."

Lekoko alisonya, akamnyooshea kidole jirani yake. Jirani akaitikia kwamba ni kweli. Wakaendelea hivyo, wawili wawili, watatu watatu, na wengine wakaanza kulichukulia kama mchezo. Wa mwisho alikuwa kijana mrefu aliyeegemea ukuta. Huyo aliitwa Tobiko, kaka yake Naserian.

"Na wewe?"

"Sikunywa."

Lekoko akageuka. "Hukunywa vipi? Nilikuona alfajiri na kibuyu cha mama yako. Nikakuambia nisubiri tunywe wote. Ukasema kuna mwenzetu anakungoja."

Hakuna aliyecheka tena.

"Mwenzetu gani?" Lekoko akauliza, safari hii kwa sauti ya chini.

Asmaa akashuka ngazi mpaka mbele ya Tobiko.

"Humo ndani kuna mtu," alimwambia. "Saa sita nampeleka mahakamani kwa damu ambayo hakuimwaga. Mnasema Loserian alimwacha dada yako akakimbia. Wewe leo unamkimbia nani?"

Tobiko alimtazama Asmaa kwa chuki ya wazi, ya mtu aliyeguswa penye kidonda. Kisha akalilaza rungu lake miguuni pake, akapita katikati ya wenzake, akaingia kituoni mwenyewe.

Asmaa alimwonya kisheria, akawasha kinasa sauti.

"Mgeni mmoja alitutumia video," Tobiko alianza. "Alitaka tumwone Naserian akicheka. Nadhani hakuitazama mpaka mwisho. Mwishoni tembo anatoka vichakani. Loserian anakimbia na bunduki yake, anampita dada yangu kama hamjui. Naserian anamwita kwa jina, mara mbili. Hageuki."

"Kwa nini hukuileta hapa?"

"Niliileta. Wa kaunta akaniambia jalada limefungwa, mkubwa keshasaini."

"Mkubwa huyo ni mimi."

"Najua. Nilisoma jina."

Asmaa aliona aibu, tena aibu kubwa, lakini saa ilikuwa ukutani na kazi ilikuwa bado mezani.

"Ulikwenda kule kumuua?"

"Ndiyo."

"Sasa maziwa ya nini?"

"Alikuwa na njaa. Anatoka kibandani kabla ya jua, hali chochote, na bila mimi asingeweza kunywa. Tulitahiriwa siku moja, afande. Sikutaka afe na njaa." Tobiko alizungumza taratibu. "Tukanywa, tukamaliza. Ndipo nikampa simu atazame."

"Akasema nini?"

"Hakusema. Aliinuka akakimbia, na bunduki begani, kama siku ile. Nikarusha rungu. Likampata pale ukingoni, akaanguka chini kwenye mawe."

"Na kama angesimama?"

Tobiko akalifikiria swali hilo kwa makini.

"Ningempiga usoni."

Saa sita kasorobo Seenoi alifungua mlango wa mahabusu. Tluway alitoka akipepesa macho, viatu mkononi, na kwenye korido akakutana na Tobiko akiwa na pingu. Hakuna aliyemweleza kitu. Alizitazama pingu, akautazama uso, akaelewa.

Asmaa alijiandaa kuwatenganisha. Kijana huyu alikuwa amelala siku mbili kwenye sakafu ya saruji kwa ajili ya mwingine, akisikia sauti za watu wanaotaka kumuua. Alikuwa na haki ya kurusha ngumi moja.

Tluway hakurusha. Alisogea mpaka akawa karibu na sikio la Tobiko.

"Mimi ndiye niliyekuwa nimuoe," alisema. "Kwa nini hukuniita?"