Fundi Aliyeshona kwa Mkono wa Kushoto

Kila siku akitoka shuleni, Wakili alivua sare, akala, kisha akaenda kwenye karakana ya viatu ya mjomba wake kumsaidia kupaka nyuzi nta. Jina la Wakili alibandikwa na wenzake darasani, maana hakuacha neno lipite bila kulihoji. Mjomba alizoea kusema kwamba binti huyu akiambiwa mvua inanyesha, atatoa mkono dirishani kwanza.

Jumatatu hiyo alipaka nta tu. Mjomba alishona soli nzima bila kuulizwa swali hata moja, akajua kuna jambo. Alipomdadisi, yakatoka yote.

Mwalimu wa historia alikuwa amewapa kazi ya wawili wawili: wachague mtu wa kale aliyesifika kwa hekima, kisha waamue kwa ushahidi kama kweli aliishi. Wakili na rafiki yake, msichana aliyeitwa Kidoti kwa alama ya shavuni, walichagua mwanafalsafa mmoja asiyeacha hata mstari wa maandishi. Habari zake zote ziliandikwa na wengine. Wakili akakata shauri papo hapo: hakuandika, basi hakuwepo. Kidoti akamwambia kwamba hata mwanzilishi wa dini yao hakuandika kitabu kwa mkono wake.

"Basi na yeye wamemtunga," Wakili akajibu, kwa sauti ya kusikika darasa zima.

Wapo waliocheka. Kidoti hakucheka. Baba yake alifariki mwaka uliopita, na sala ndiyo iliyowashika yeye na mama yake wasianguke. Alikusanya madaftari yake, akahamia dawati la nyuma. Tangu hapo hakumsemesha Wakili, na kazi ilitakiwa Ijumaa.

"Ulimi hauna mfupa, lakini unavunja," alisema mjomba. Hakumgombeza. Alimuuliza tu kama Fundi Mkuu, aliyeanzisha karakana ile, alikuwepo.

"Si alikuwepo, mjomba."

"Umemwona?"

"Alikufa kabla sijazaliwa."

"Hata mimi sikumkuta. Picha hana, na kuandika hakujua. Basi tumemtunga."

Mjomba akamwambia aende akaulize, aache kubishana na ukuta.

Alianza na mafundi wawili wazee wa mle karakanani, waliofundishwa na Fundi Mkuu mwenyewe. Mmoja alisema Fundi Mkuu alikuwa akimaliza jozi ya viatu kabla maji ya chai hayajachemka. Wa pili akasema hapana, hizo ni chumvi. Ila kuna mfalme aliyekuja kwake kwa miguu kushonewa viatu. Wakabishana hadi mteja aliyekuwa akisubiri akashika tumbo kwa kicheko. Jambo moja tu walikubaliana: Fundi Mkuu alikuwa mkali, na aliwahi kumrushia mwanafunzi buti.

Siku ya pili Wakili alivuka barabara kwa muuza ngozi, ambaye baba yake zamani alikuwa na karakana ya kushindana na ile. Kutajiwa tu Fundi Mkuu, akakunja uso.

"Yule? Alimnyang'anya baba yangu wateja wote, na salamu zenyewe hajui kuitikia. Usinitie uchungu, mwanangu."

Wakili akarudi anawaza. Mtu huyu hana sababu ya kumtunga aliyemshinda baba yake.

Alipokaa chini, akaona kitu alichokiona kila siku bila kukitazama. Mjomba na wazee wale wote walitumia mkono wa kulia, lakini walishona kutoka kushoto kwenda kulia, kiwiko kikigonga ubavu kila mshono. Mafundi wa mitaa mingine walianzia kulia. Akauliza kwa nini. Mjomba akasema ndivyo walivyofundishwa. Wakili akaishika sindano kwa mkono wa kushoto, na kiwiko kikapita bila kugonga popote.

"Mjomba, Fundi Mkuu alikuwa wa mkono wa kushoto?"

Mjomba akasimamisha kazi. Hakuwahi kuambiwa hivyo. Wale wazee wakatazamana, wakacheka: naam, alikuwa wa kushoto, nao waliuiga mwendo wake wa kushona kwa mkono wao wa kulia bila kuuliza. Wakili hakuridhika hadi alipovuka tena barabara. Muuza ngozi naye akasema ndiyo, baba yake alikuwa akimcheka kwa hilo.

Wakili akafungua daftari aandike kwamba Fundi Mkuu aliishi na alimshonea mfalme. Mjomba akamzuia.

"Lisemwalo lipo, lakini pima. Kwamba aliishi, una mashahidi wasiopendana wanaosema jambo moja. Huyo mfalme ana shahidi mmoja, naye anapenda hadithi."

Alhamisi Wakili alikwenda kwa kina Kidoti. Alimkuta anaanua nguo, akaanza kumsaidia kuzikunja. Mama mtu akawaacha peke yao.

"Umekuja kwa ajili ya maksi," alisema Kidoti.

"Nimekuja kwa sababu nilisema nisichokijua, tena mbele za watu. Nisamehe."

Kidoti alikunja mashuka mawili peke yake. La tatu akamwachia upande mmoja ashike. Jioni ile waliandika pamoja.

Ijumaa walisoma kazi yao. Walieleza kwamba wanafunzi wa mwanafalsafa yule wanatofautiana kwa mengi, lakini wote wanamtaja. Tena alikuwepo mchekeshaji aliyemdhihaki jukwaani mwanafalsafa mwenyewe angali hai, na mtu hamdhihaki asiyekuwepo kana kwamba ni jirani yake. Wakahitimisha: aliishi, kwa ushahidi wa kutosha; lakini kama maneno yake yote ndivyo alivyoyatamka, hawana hakika.

Kijana mmoja akauliza, je, na waanzilishi wa dini? Wakili alisimama. Akasema hao nao wapimwe mmoja mmoja kwa subira ileile, na kwamba Jumatatu yeye hakupima, alidharau tu. Akamwomba Kidoti radhi darasani, palepale alipomkosea.

Mwalimu alivua miwani. "Wanangu, ushahidi unaweza kutuambia nani alipita duniani. Kama tumfuate au tusimfuate, hilo kila mmoja hujibu kwa moyo wake na Mungu wake. Usipojua, sema sijui, hakuna aibu. Aibu ni kumfuta mtu kwa kuwa hukumwona, au kumwongezea sifa kwa kuwa unampenda."

Kidoti akasogeza begi lake, akampa Wakili nafasi pale nyuma.